Jeni Zilizohamia Kwenye Kromosomu

Mwaka 2013 nilikuwa fundi chipukizi katika maabara moja ya Tanzania, kando ya Ziwa Victoria. Kazi yangu ilikuwa kuotesha bakteria wa homa ya matumbo waliopatikana katika damu ya wagonjwa, kupima dawa zipi zinawaua, kisha kuwahifadhi katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. DNA yao tuliipeleka Uingereza, ambako wenzetu walisoma jenomu nzima, yaani DNA yote, herufi karibu milioni 4.8 kwa kila bakteria. Sisi tuliwajua kwa tabia, wao wakawajua kwa maandishi.

Siku moja ilifika barua pepe iliyoninyima usingizi. Sampuli sita nilizoziandika kuwa sugu kwa kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli hazikuonekana kuwa na plasmidi, yaani ile pete ya DNA inayoishi nje ya kromosomu (DNA kuu ya bakteria), ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyojulikana kubeba usugu huo katika homa ya matumbo. Mwenzetu aliuliza, kwa adabu, kama huenda vichupa vilichanganyika. Niliumia, kwa sababu lebo zote sita zilikuwa mwandiko wangu.

Mama aliyekuwa mkuu wetu aliisoma barua mara mbili. "Mwanangu, usijibu kwanza," akaniambia. "Tuoteshe upya, mimi na wewe." Tukarudi kwenye vichupa vya awali, tukawapaka bakteria juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea, tukapanga vidisiki vya karatasi vyenye dawa na kuziacha sahani usiku kucha katika joto la nyuzi 37. Asubuhi bakteria walikuwa wametanda hadi ukingoni mwa vidisiki, pasipo duara tupu hata moja kuzizunguka dawa zile tatu, ishara kwamba hazikuwaua. Tulipiga picha, tukatuma pamoja na kurasa za daftari.

Alichofanya mwenzetu baada ya hapo nakiheshimu hadi leo. Hakubishana na sahani zetu. Aliziamini, akaacha kuitafuta plasmidi na kuanza kuzitafuta jeni zenyewe, vipande vya DNA vinavyoleta usugu, popote zilipo. Alizikuta zimejipachika ndani ya kromosomu. Moyo wangu ulitulia, kisha ukaingiwa na hofu, kwa maana bakteria anaweza kuipoteza plasmidi anapogawanyika, hasa pasipo dawa ya kumlazimisha kuishikilia, lakini kilicho ndani ya kromosomu hurithiwa na kila kizazi. Wala peke yetu tusingelijua hilo: sahani haisemi jeni imekaa wapi, na bila sahani zile, jenomu zile sita huenda zingetupwa kama makosa ya lebo.

Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya mlipuko wa Zambia wa 2010 hadi 2012, uliowapata wagonjwa 2,040, na humo bakteria wengi waliosomwa walikuwa na jeni saba za usugu ndani ya kromosomu. Niliisoma pamoja na mama yule, daftari letu likiwa wazi mezani kwenye ukurasa wa zile sampuli sita.