Siku moja maishani mwangu: kuzizuia chembe sahani zisiitane mapema

Saa 12:40 asubuhi. Nikiingia maabara, kabla sijaigusa sampuli hata moja, huenda kwanza kwenye kabati la kubembeza mifuko ya chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazokusanyika kuziba jeraha. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 20 na 24, na rafu zake ziende na kurudi bila kukoma kwa siku 5 ambazo kila mfuko unaruhusiwa kukaa humo. Mifuko ya chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu kwa wiki kadhaa, lakini chembe sahani zikipata baridi hubadilika umbo, na mfuko ukiachwa utulie, hewa haipenyi vizuri, asidi huongezeka na chembe huharibika. Ukiniuliza kazi yangu katika benki hii ya damu ni nini, nitakujibu kwamba ninazizuia chembe hizi zisianze kuzungumza kabla hazijafika kwenye mwili unaozihitaji.

Leo kuna mifuko minne. Ninauinua mmoja mmoja kuelekea dirishani, ninaubonyeza kidogo na kuugeuza taratibu, nikitafuta ule mmeto unaotembea ndani ya majimaji ya manjano kama moshi wa ubani unaopita kwenye mwale wa jua. Mmeto huo hutokana na ubapa wa chembe zenyewe, kwa kuwa kila moja ina upana wa maikromita 2 hadi 3 tu na hurudisha mwanga kadiri inavyopinduka. Chembe iliyoamshwa huvimba na kuwa duara, ikaota vijiti pande zote, na mwanga haurudi tena vile. Mifuko mitatu inameta. Wa nne umefifia, nimeuweka kando.

Saa 2:15. Wachangiaji wameanza kufika. Kijana mmoja wa bodaboda alisema kwenye mahojiano kwamba jana usiku alimeza aspirini kwa ajili ya kichwa, na aliponiona ninaweka alama kwenye fomu yake akashtuka.

“Dada, kwani damu yangu ina tatizo?”

“Haina tatizo, kaka. Tutaichukua, chembe nyekundu zitatumika, ila hatutatengeneza mfuko wa chembe sahani kutokana nayo.”

Alitaka kujua sababu, na ni haki yake. Mshipa unapokatika, kolajeni, protini ngumu iliyofichwa chini ya ngozi yake ya ndani, hubaki wazi, na chembe sahani inayopita hunaswa hapo kwa msaada wa protini ya von Willebrand. Ikishanaswa hutema kemikali ya ADP kutoka kwenye vifuko vyake vya akiba, kisha hutengeneza thromboksani A2, na vitu hivyo viwili ni wito kwa wenzake walio katika mkondo kwamba wasimame hapo. Aspirini huziba kimeng’enya kinachohitajika kutengeneza thromboksani, jambo ambalo mtafiti wa dawa John Vane alilifungua mwaka 1971 na ambalo lilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Chembe sahani haina kiini, hivyo haiwezi kuunda kimeng’enya kingine; iliyozibwa hukosa wito huo hadi inapokufa, na maisha yake yote ni kama siku 7 hadi 10.

Wakati anabonyeza pamba mkononi nilimweleza upande wa pili, ambao kwangu ndio wenye ajabu zaidi. Ukuta wa mshipa ulio mzima haukai kimya. Muda wote hutoa prostasaiklini na nitriki oksaidi, zinazoziambia chembe zinazopita ziendelee na safari, na ndiyo maana ganda huishia palipochomwa badala ya kuenea mkono mzima.

Saa 4:50. Daktari wa wodi ya wazazi amepiga simu. Mama anayesubiri upasuaji ana chembe sahani 38,000 kwa kila maikrolita ilhali kawaida ni 150,000 hadi 450,000, na anaulizia mfuko. Nikamwomba asubiri, kwa sababu mama havuji damu popote na namba hiyo ilitoka kwenye mashine bila mtu kutazama slaidi, tabia ambayo nimeilalamikia mpaka nimechoka. Nilipoiweka slaidi chini ya hadubini, chembe sahani zilikuwapo tele, zimezizunguka nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, kama watu walioizunguka meza ya bao. Nyutrofili moja niliihesabia kumi na tatu. Mashine haikuzihesabu kwa kuwa zilikuwa zimegandamana na chembe nyeupe. Hiyo ni hila ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Tulichukua damu nyingine kwenye chupa ya sitreti, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ikasoma 186,000. Ukizidisha kwa 1.1 kufidia majimaji ya chupa, unapata takriban 204,600. Mfuko haukuhitajika.

Hata hivyo, ile meza ya bao ina mfano wake wa kweli mwilini. Chembe sahani iliyoamshwa hupandisha juu ya ngozi yake protini ya P-selektini, ambayo nyutrofili ina kishikio chake maalumu. Zikishikana, nyutrofili hupunguza mwendo, huamka, na wakati mwingine hurusha nyavu za DNA zinazonasa vijidudu, nyavu ambazo zikizidi huziba mishipa midogo. Protini nyingine, CD40L, huuchochea ukuta wa mshipa uite chembe nyeupe. Tena chembe sahani humwaga vipande vidogo vya ngozi yake vinavyobeba ujumbe mbali na jeraha; mtafiti Peter Wolf aliyevieleza mwaka 1967 aliviita vumbi.

Saa 7:30. Wali maharage, haraka.

Saa 8:20 mchana. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ameniuliza swali zuri: nani huuambia uboho utengeneze ngapi? Ni ini. Hutoa homoni ya thrombopoietini, na chembe sahani zenyewe huibeba na kuimaliza, hivyo zikipungua homoni nyingi hubaki na kuufikia uboho, na megakariosaiti, chembe kubwa za uboho zinazozaa chembe sahani, huongezeka. Zaidi ya hapo, chembe iliyozeeka hupoteza sukari za asidi ya siali kwenye ngozi yake, ini huitambua kwa dalili hiyo, huiondoa kwenye damu, na kitendo hicho huchochea ini litoe homoni zaidi. Chembe inayokufa ndiyo inayoagiza mrithi wake. Mwanafunzi aliandika sentensi hiyo, kisha akaniuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Saa 10:05 jioni. Ombi kutoka wodi ya watoto: mtoto mwenye saratani ya damu, chembe sahani 9,000, na tena hii nimeihakikisha kwa slaidi. Muuguzi amekuja na kisanduku cha baridi chenye vipande vya barafu, kama alivyozoea kubebea chembe nyekundu.

“Dada yangu, hiyo barafu iache hapa. Na ukifika usiuweke kwenye jokofu, atundikiwe moja kwa moja.”

Tuliuinua mfuko pamoja dirishani, nikamwonyesha mmeto, tukasaini daftari. Ameondoka mbio. Barafu yake inayeyukia kwenye beseni la kunawia, na kabatini imebaki mifuko miwili inayobembea.