Kufunga vitabu, santuri, kauri na sarafu kwa safari ndefu

Masufuria, mashuka na viti huhimili safari ndefu bila kudai mengi. Shida iko kwenye vile vitu vilivyokusanywa kidogo kidogo kwa miaka: kabati la vitabu, santuri, seti za kauri, albamu za stempu, sarafu, picha za fremu, magari madogo ya mfano. Wapakiaji hufunga chumba kwa chumba, na kwa vyombo vya kawaida njia hiyo inafaa. Kwa mkusanyo haifai. Rafu moja ya sebuleni inaweza kubeba kitu kinachoharibiwa na joto, kingine kinachoharibiwa na uzito na cha tatu kinachoharibiwa na unyevu, kisha vyote vikaingia boksi moja kwa sababu tu vilikuwa majirani. Panga kwanza kwa kile kinachodhuru kila kitu, ndipo uanze kuhesabu maboksi.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha rafu nzima kama ilivyo. Picha hiyo itakupunguzia kazi ya kupanga upya. Kisha kila kitu cha thamani kipewe namba na kipigwe picha mbele, nyuma, na pale penye ufa au doa la zamani. Bila picha ya kasoro ya zamani, ni vigumu kuthibitisha kasoro mpya. Orodha iwe na namba, jina, hali, makadirio ya thamani na namba ya boksi. Hifadhi nakala mbili, moja kwenye simu au intaneti na nyingine kwenye mkoba wako. Orodha iliyofungwa ndani ya mzigo haina kazi mzigo ukipotea. Juu ya boksi usiandike “sarafu” wala “vyombo vya fedha”. Andika namba tu, pande mbili zinazopakana na juu pia, ili isomeke hata maboksi yakiwa yamepangwa juu ya mengine.

Mkataba wa bima usomwe wakati huu, si boksi la mwisho likishafungwa. Kuna vifungu viwili vinavyowaumiza wenye mikusanyo. Cha kwanza: bima nyingi hazilipi kitu kilichovunjika ndani ya boksi ulilofunga mwenyewe, hasa boksi likiwa halina alama yoyote ya kugongwa kwa nje. Cha pili ni cha vitu vya jozi na seti: sahani 1 ya seti ya 12 ikivunjika, unaweza kulipwa sahani hiyo peke yake, ingawa seti nzima imeshuka thamani. Kwa hiyo gawanyo la kazi lenye akili ni kufunga mwenyewe vitabu na santuri, na kuwaachia wapakiaji kauri na vioo huku wewe ukisimamia.

Sasa maboksi. Nguvu ya boksi la karatasi iko kwenye pembe zake za wima, na unyevu huimaliza nguvu hiyo. Boksi lililowahi kulowa au ambalo pembe zake zimelegea halifai kukaa chini ya mengine, hata likionekana zima. Kwa vitu vizito na vinavyovunjika chukua yenye kuta mbili. Tepu iwe ya upana wa sentimita 5 hivi, ibandikwe kwa umbo la herufi H: mstari mmoja juu ya mwanya wa kati na miwili kwenye kingo, chini na juu. Kukunja vifuniko vya boksi kwa kupishanisha bila tepu ni uvivu ambao kitako hulipia. Boksi lijae hadi ukingoni. Likipungua, litabonyea chini ya mzigo. Likifurika, halitapangika na lile la juu yake litayumba.

Kwa vitabu, boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 linaonekana dogo, lakini likijazwa vitabu vitupu linapita kilo 20. Lenga kilo 15 hadi 18. Jaza vitabu theluthi mbili, kisha malizia na vitambaa vikavu au nguo nyepesi. Vitabu vizito vikae chini. Visimame kama vinavyosimama rafuni, mgongo ukiegemea ubavu wa boksi, au vilale bapa, vikubwa chini na vidogo juu. Kinachokatazwa kabisa ni kukisimamisha kitabu kwa ukingo wa kurasa, mgongo ukiwa juu: uzito wa kurasa unavuta gundi, na baada ya siku kadhaa za mtikisiko jalada linaanza kuachana na kitabu. Kuvilaza mshazari nako kunapindisha mgongo, na ukishapinda haunyooki kirahisi. Penye nafasi shindilia karatasi iliyofinyangwa. Magazeti yaliyochapishwa yasiguse vitabu vyenye majalada meupe wala ya kitambaa, kwa kuwa wino wake huhama.

Ukungu huota kwenye karatasi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi, na kontena la baharini ni mahali pake. Mchana bati la juu hupata moto mkali, usiku hupoa, na mvuke uliotoka kwenye mbao na maboksi hugeuka matone yanayodondokea mzigo. Watu hukimbilia kufunika kila kitu kwa nailoni, na hapo ndipo pa kuangalia. Nailoni ni ngao kwa kitabu kilichokauka na ni mtego kwa kitabu chenye unyevu. Acha vitabu siku kadhaa kwenye chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaotoa unyevu, kisha ufunge na vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, ndani. Kitabu chenye dalili ya wadudu kisiingie pamoja na wenzake. Kitie kwenye mfuko uliozibwa, kikae kwenye friza ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa wiki 1 hadi 2, kisha kiachwe ndani ya mfuko huohuo mpaka kirudi kwenye joto la kawaida.

Santuri zinahitaji uangalifu kuliko vitabu, na ndizo zinazoharibiwa na watu wenye nia njema. Santuri ya inchi 12 ikiwa na jalada lake ina uzito wa gramu 200 hadi 300, kwa hiyo 100 zinaweza kufika kilo 25 na zaidi. Weka 50 hadi 60 kwa boksi. Zisimame wima kabisa, kamwe zisilazwe kwa rundo. Uzito wa rundo huzikandamiza zile za chini na chembe za vumbi huingia kwenye mifereji. Zisibane wala zisilegee: vidole viweze kupenya kati yake bila nguvu, lakini santuri zisiweze kuinama. Nafasi inayobaki ijazwe na vipande vya kadibodi vilivyokatwa kwa ukubwa wa jalada. Karatasi iliyofinyangwa hushindiliwa na mtikisiko, na baada ya hapo santuri zote huegemea upande mmoja na kupinda.

Kwa santuri za thamani, toa sahani, yaani santuri yenyewe, pamoja na mfuko wake wa ndani, uziweke nyuma ya jalada, kisha vyote viwili viingie kwenye mfuko wa nje wa plastiki. Ikiachwa ndani ya jalada, sahani hugonga kingo kila gari linaporuka shimo na mwisho huchana mshono wa juu au wa chini. Joto ndilo adui mkubwa: plastiki yake hulegea ikikaribia nyuzijoto 60, na gari lililofungwa juani au kontena linaweza kufika huko. Kama safari ni ya barabara, santuri zipakiwe mwisho na zishushwe kwanza. Zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa shelaki (utomvu mgumu wa wadudu), hupasuka kama kioo. Hizo zisizidi 25 kwa boksi, kila moja kwenye mfuko wake, kadibodi ikiwekwa baada ya kila 5, na sponji chini, juu na pande zote. Mashine ya kupigia santuri ifunguliwe: ng’oa sindano au uivalishe kifuniko chake, toa uzito wa nyuma ya mkono, ufunge mkono usicheze, inua sahani inayozunguka, na kila kimoja kifungwe peke yake.

Kauri na vioo huvunjika mara nyingi kwa kugongana vyenyewe kuliko kwa boksi kuanguka. Tandika kitakoni karatasi iliyofinyangwa yenye kina cha sentimita 5 hadi 8. Sahani zifungwe moja moja, kisha 3 au 4 kwa pamoja, zisimame kwa ukingo. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote kila boksi linaporushwa. Vikombe na mabirika huanza kwa sehemu dhaifu: zungushia mkono na mdomo wa birika karatasi laini kwanza, ndipo ufunge mwili mzima. Kifuniko kifungwe peke yake, kamwe kisikae mahali pake. Ndani ya chombo chenye tumbo jaza karatasi kwa ulegevu, maana ukishindilia sana unasukuma kuta kutoka ndani. Kipande cha thamani kiingie boksi dogo, na boksi hilo liingie kubwa zaidi likiwa na sentimita 5 za karatasi au sponji kila upande. Ukimaliza, tikisa boksi taratibu. Ukisikia chochote, fungua ujaze tena.

Plastiki ya mapovu ni nzuri, ila isiguse moja kwa moja mbao zenye vanishi, michoro ya rangi wala vitu vilivyopakwa laka: kwenye joto huacha alama za miduara ambazo hazifutiki. Tanguliza karatasi laini isiyo na asidi.

Picha za fremu zing’olewe kulabu na waya za nyuma, kwa kuwa hizo ndizo zinazokwaruza picha ya jirani. Kioo cha kawaida kibandikwe tepu ya karatasi kwa umbo la X au vyumba vyumba. Haizuii kuvunjika, inazuia vipande visichane picha. Kwenye akriliki (plastiki angavu inayowekwa badala ya kioo) au kioo kisichoakisi mwanga usibandike kitu, utang’oa utando wake. Fremu zisafiri zimesimama, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, kadibodi kati yake na pembe zikiwa zimevalishwa.

Vyombo vya fedha havipendi mpira wala sufu, kwa sababu salfa iliyomo huvitia weusi, na alama ya rababendi inaweza kubaki hata baada ya kusugua. Sarafu zisisafishwe kabla ya safari, wala baada yake. Mng’ao wa kusugua hushusha thamani. Kagua mifuko yake: plastiki laini ya PVC hutoa utelezi wa kijani unaokula madini, na joto la safari huharakisha. Zihamishie kwenye mifuko ya poliesta au ya poliethilini.

Sarafu, stempu, hati na picha za familia husafiri nawe mwenyewe, si na mzigo. Stempu zenye gundi hunasa kurasani zikibanwa kwenye unyevu, kwa hiyo albamu zisimame na ziwe na karatasi nyororo ya glasini kati ya kurasa. Ukipanda ndege, filamu ambazo hazijasafishwa ziombewe ukaguzi wa mkono, maana mashine mpya za kuchunguza mizigo huzichoma. Negativu zilizokwisha kusafishwa hazina wasiwasi huo.

Vitu vya mfano na midoli virudi kwenye maboksi yake ya asili ikiwa yapo, vioo vya pembeni na antena zikitolewa kama zinatoka. Betri zote zitoke. Saa ya ukutani yenye timazi itolewe timazi, la sivyo hujigonga njia nzima mpaka springi inayolishikilia ikatike.

Ukivuka mpaka, kagua magamba, matumbawe, pembe za ndovu, ngozi na ala za muziki zenye mbao adimu. Mkataba wa CITES, wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, unaotumika tangu 1975, unazidhibiti aina nyingi za viumbe hivi hata zikiwa za urithi, na kibali hutafutwa kabla ya kuondoka, si bandarini. Makreti ya mbao nayo yana sharti lake: kanuni ya ISPM 15, ya kimataifa ya kuzuia wadudu kusafiri ndani ya mbao za kufungia, hutaka mbao zitibiwe, kwa mfano kwa joto la nyuzijoto 56 hadi kiini kwa dakika 30, na zipigwe muhuri. Kreti la fundi wa jirani lisilo na muhuri linaweza kuzuiwa, kutibiwa kwa gharama yako au kuharibiwa.

Kwenye lori, eneo lililo nyuma ya ekseli ya mwisho (mhimili wa magurudumu ya nyuma) ndilo linalorushwa zaidi. Hapo weka nguo na magodoro. Vinavyovunjika vikae mbele ya hapo, juu ya maboksi ya vitabu, visibebe kitu.

Mzigo ukifika kutoka kwenye baridi ukaingia chumba cha joto, usifungue siku hiyohiyo. Vitu baridi hutoa jasho, na jasho hilo huingia kwenye karatasi na majalada. Subiri saa 24. Fungulia juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, ukiangalia orodha, na kilichovunjika kipigwe picha kikiwa bado ndani ya karatasi zake. Bima huwa na siku za mwisho za kutoa taarifa, na mara nyingi ni chache. Karatasi za kufungia zikunjuliwe moja moja kabla ya kutupwa, kwa kuwa vifuniko vya mabirika na vijiko vidogo hutoweka humo.