Nimerudi Uyole na flashi ya mziki, mzee anauliza "bendi ya nani hii?"

Wakuu habari za siku nyingi. Niko Uyole, Mbeya, nimerudi, na safari hii ni ya kukaa kabisa sio ile ya kuja kuzika na kukimbilia ndege. Watu wanauliza nimeleta nini Marekani, na ukweli ni kwamba kuliko zawadi zote kilichozua maneno hapa nyumbani ni flashi moja ya nyimbo aliyonipa rafiki yangu niliyekuwa naishi nae nyumba moja kule Minneapolis. Yeye ni mtu wa indie, zile bendi ndogondogo zisizo chini ya makampuni makubwa ya mziki, ananunua santuri, anaenda shoo ambazo watu wanasimama wamekunja mikono hawachezi (hilo sijalizoea mpaka naondoka). Akanipangia nyimbo za safari, akaniambia sikiliza kwa mpangilio na usiruke hata moja.

Nikatii. Basi limetoka pale stendi ya Magufuli Mbezi hakujakucha, TV ya mbele inapiga kwaya, mimi nimeziba masikio na hedifoni. Nyimbo za mwanzo zimepita tu, Morogoro imekuja imeondoka sina la kusema. Bon Iver ikaingia tumefika Ruaha Mbuyuni, joto lile la bondeni mnalijua, wauza vitunguu wamebana madirishani wanagombania mteja, na masikioni mwangu kuna jamaa analia kwa kisauti chembamba. Huyu Justin Vernon, ndo Bon Iver mwenyewe, albamu yake ile ya kwanza aliirekodi wakati wa baridi, 2006 kuingia 2007, alikuwa ametoka kuumwa, bendi yake imevunjika, mapenzi nayo yameisha, akaenda kujifungia peke yake kwenye kijumba cha mbao cha baba yake msituni Wisconsin. Kule niliipenda mpaka nikawa naiogopa, natoka shifti ya kulea wazee alfajiri, theluji imeziba njia, hakuna mtu barabarani, inakuingia yenyewe bila kubisha hodi. Ruaha Mbuyuni ikagoma. Yani huku utajifungia wapi jamani, kaa ndani siku mbili tu uone, jirani keshagonga, shangazi keshapigiwa simu, mchungaji yuko njiani. Nikairudia tumeshapanda Kitonga tumeipita na Mafinga, ile mipaini ya Sao Hill imesimama kwenye ukungu pande zote mbili, abiria wameanza kuvaa masweta, hapo ndo ikakubali. Kumbe ilikuwa inataka baridi tu.

Sasa kazi imeanza nyumbani. Mzee wangu ni mtu wa dansi, alifundisha Iringa miaka ya 1980 wakati Tancut Almasi ndo habari ya mji, na hapo kwake ukitaja mapacha wale, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, anaacha anachofanya. Jioni tumekaa na jiko la mkaa, mdogo wangu akachomeka flashi kwenye sabufa. Ikaanza Vampire Weekend. Mzee kusikia lile gita akaweka kikombe chini.

"Hawa Wakongo wa wapi?"

Nikamwambia baba hawa sio Wakongo, ni vijana waliokutana chuo New York, albamu imetoka 2008, na wimbo wenyewe wameubandika jina la kwasakwasa na Cape Cod, kule pwani wanakoenda kupumzika wenye hela zao. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kainamisha kichwa, anasubiri. Wimbo ukaisha. Akaniangalia kama nimemdhulumu.

"Mbona hawajafika kwenye chemko?"

Chemko ni ile sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi, mziki unapochanganya na watu wanainuka kucheza. Nikamwambia ndo mziki wao baba, hauna chemko. Akasema wameepua mapema. Na mimi niliyeusikiliza miaka yote naukubali, kwakweli siku hizi nikiusikia namwelewa yeye zaidi, gita linaahidi kitu alafu mwimbaji anapita pembeni anaongelea mambo ya chuo. Ni tamu lakini inakuacha na miguu mkononi.

Alafu likaja swali ambalo sikulitegemea. "Bendi ya nani hii?" Nikasema ya wenyewe. "Wenyewe akina nani? Vyombo kawanunulia nani?" Hapo ndo nikaona tunaongea vitu viwili tofauti, maana kwa mzee bendi lazima iwe na mwenyewe. NUTA Jazz 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Mlimani Park ile DDC ya mbele ni shirika la jiji la Dar, na hiyo Tancut yake ilikuwa ya kiwanda cha kuchonga almasi pale Iringa. Wanamziki walikuwa waajiriwa, mwisho wa mwezi mshahara, magita na spika za mwajiri, ukihama bendi unaondoka na sauti yako tu. Rafiki yangu kule angesema huo ni utumwa, kwao sifa kubwa ya mziki ni kutokuwa na bosi. Nikajaribu kumweleza mzee hilo, nikamtolea mfano wa Bon Iver, kwamba yule alifanya kila kitu mwenyewe, hata nakala za kwanza alizitoa mwenyewe kabla kampuni ndogo haijaitoa albamu upya 2008.

"Kijumba cha nani?"

Cha baba yake.

"Basi hiyo ni bendi ya babake."

Mdogo wangu kacheka mpaka kamwaga chai. Mimi nimelala nayo hiyo, kwa sababu ukifikiria ni kweli bana, kuna mtu mahali kalipia kuni.

The Postal Service walipita haraka, mzee hakuwa na swali. Wale ni watu wawili, mmoja Los Angeles mwingine Seattle, walikuwa wanatumiana kanda kwa posta kila mtu anaongezea chake, albamu 2003. Sisi hapa tunatuma mpaka gunia la viazi kwa konda wa basi, hakuna geni. Mlio wa kompyuta haukumfurahisha lakini.

Iliyoshinda ni ile ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naiona ya kawaida, The Mountain Goats, John Darnielle, albamu ya 2002. Jamaa karekodi peke yake kwenye redio kaseti ya Panasonic, ile ya mkono, unaisikia mota inakoroma chini ya gita wimbo mzima. Mama akatoka jikoni akauliza redio imeharibika. Mzee akasema hapana, hiyo ni kanda, mwache. Akasikiliza zote mbili zilizokuwemo na Kiingereza hicho cha harakaharaka sidhani kama alikishika. Dogo nae tangu siku hiyo anairudia, na yeye ni mtu wa singeli na amapiano, anarekodi mistari yake kwa simu amejifunika blanketi ili kelele za bodaboda zisiingie, ananiambia dada kumbe hata Mzungu anaruhusiwa. Kule kote nilikuwa nikizipenda zile zilizosafishwa, huku kwenye sabufa iliyopasuka kidogo zilizosafishwa zote zimesinyaa na hii yenye makelele imesimama.

Nimemtumia rafiki yangu ripoti yote, akajibu kwa sauti dakika kumi na kitu, ile ya "bendi ya babake" imemuuma. Sasa anataka nimpangie za kwetu. Mzee kajipa uenyekiti wa kamati na sharti lake ni kwamba kila wimbo lazima ufike kwenye chemko, mimi nimeomba nafasi mbili tu za mapenzi ya polepole bado tunabishana. Shida ni nakala. Mwenye Tancut Almasi safi anitumie, sio zile zilizonaswa redioni ambazo solo likishaanza tu mtangazaji anaingia na matangazo ya vifo.