Shati la Mzee Mlinzi

Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021, nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, zamu ya usiku, chumba cha watoto njiti katika hospitali moja ya Goma. Kwenye saa moja jioni anga upande wa Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji, likawa jekundu. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Sote tulikulia kwenye habari za Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani.

Muda si muda korido ikawa tupu. Akina mama walibeba watoto wao, wengine na dripu mkononi, wakashika njia ya Sake au ya mpakani, Gisenyi. Wenzetu kadhaa nao waliondoka. Siwalaumu, walikuwa na watoto nyumbani. Hata mimi nilikuwa nimeshavaa begi mgongoni. Mama yangu alinipigia kutoka Majengo mpaka mtandao ukakata.

Kisha umeme ukazimika. Jenereta ilinguruma kidogo ikanyamaza, na mwenye ufunguo wa stoo ya mafuta alikuwa ameshakimbia.

"Weka begi chini," alisema muuguzi wa zamu, mama wa makamo ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata usiku ule hakuipaza.

Watoto wawili walikuwa wamebaki kwenye kuvezi, mashine za kuwatunzia watoto njiti joto, na sasa zilikuwa zinapoa. Mmoja tulimfunga kifuani kwa bibi yake. Wa pili alikuwa na siku tisa, gramu 1,350. Baba yake alikuwa safarini Masisi. Mama yake alikuwa ametolewa usaha kwenye kidonda cha upasuaji mchana huo, anaungua homa, hajitambui vizuri. Nilimpima mtoto joto: nyuzi 35.4. Mtoto njiti akishuka chini ya 36.5 tayari ni baridi inayotafuta roho yake. Mimi na muuguzi wa zamu, tuliyemwita Mama, tulihitaji mikono yetu kwa mzazi wake huyo mgonjwa.

Mzee mlinzi wa geti alikuwa mlangoni na tochi.

"Mwanangu, mimi nimezaa saba," aliniambia. "Kifua changu kina joto."

Akanawa mpaka kwenye viwiko, akavua koti, akavua shati, akaketi. Njia hiyo ya ngozi kwa ngozi ilianzia Bogotá mwaka 1978, kwa sababu kuvezi hazikutosha. Mimi niliijua kwenye daftari tu. Mama alimsimamisha mtoto katikati ya kifua cha mzee, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limegeuzwa upande ili pua isizibwe. Tukamzungushia kitenge, tukakaza. Shati la mzee, la buluu, kola imelika, tulilikunja likawa kofia juu ya ile kofia ndogo ya sufu.

Ardhi ilitikisika mara nyingi usiku ule. Kila dirisha lilipogonga, mzee alifunika kichwa cha mtoto kwa kiganja. Nilihesabu pumzi za mtoto kwa dakika, kwa mwanga wa tochi: 38, baadaye 44. Saa nane za usiku nilipima tena nikapata 36.6. Nikatoka koridoni nikalia.

Niliporudi Mama alininong'oneza kwamba nyumba ya mzee iko Buhene. Nilimtazama. Habari zote za jioni zilisema lava inashukia upande huo. Mke wake na watoto wake walikuwa huko, na mzee hakuinuka kwenye kile kiti isipokuwa kubadilisha mkao.

Kulipokucha bibi yule alijitolea kuwabeba wote wawili. Mzee akavaa koti juu ya kifua kitupu, akaenda kwa mguu.

Alirudi Jumanne. Familia alikuwa ameipata Gisenyi, wote wazima. Nyumba ilikuwa chini ya mawe meusi yanayofuka moshi, na kila kilichokuwamo. Nilikuwa nimelifua shati lake na kulianika; nikamletea limekunjwa, nikaona amevaa bado lile koti, amelifunga vifungo mpaka shingoni.

Alilipokea kwa mikono miwili. Kabla hajalivaa aliuliza:

"Ana gramu ngapi leo?"

"1,390, Papa."