Kumbukumbu ya mradi wangu: mada iliyoandikwa kwa penseli

Oktoba, wiki ya kwanza

Namba ya usajili nimepata. Shahada ya uzamili ya elimu, vipindi Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, Dar es Salaam. Kazi yangu iko Morogoro, Biolojia Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kilichonichosha ni ruhusa ya masomo: barua ilirudi mezani kwangu mara mbili, mara ya pili kwa kukosa nakala ya barua ya kuthibitishwa kazini, nayo ilikuwa sandukuni kwa mama, Ifakara. Afadhali treni ya SGR ipo. Nafika Dar kwa muda usiofika saa mbili, na nikipata kiti cha dirishani nasoma mpaka Pugu.

Oktoba, wiki ya nne

Nimepeleka mada ya kwanza: "Changamoto za Elimu ya Sekondari Tanzania." Msimamizi wangu, mama wa makamo anayesoma kila karatasi akiwa na kalamu ya kijani, alikata "changamoto". Akakata "elimu". Akakata "sekondari", kisha "Tanzania". Vikabaki "za" na "ya".

"Dokta, nipunguze mpaka wapi?"

"Mpaka uweze kuniambia, mwalimu, kwamba Jumatatu asubuhi utakwenda mahali fulani, utamtazama nani, na utatazama nini. Hapa hata daladala ya kupanda huijui."

Nilicheka kwa adabu. Ndani ya treni sikucheka.

Novemba, wiki ya pili

Mada ya pili: lugha ya kufundishia. Nilidhani nimeokota dhahabu, kumbe darasani kwetu tuko watano wenye dhahabu hiyohiyo. Na shamba lenyewe limeshalimwa. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali haikulitekeleza. LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia, ulianza 2002 kulinganisha hali ya Tanzania na Afrika Kusini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Nami mpaka leo mtoto aliyesoma Kiswahili miaka saba namwandikia ubaoni "cell structure and organisation", anakopi.

Nimesoma usiku hadi macho yakawa mekundu, na nilichopata ni hasira. Hasira si swali la utafiti. Hilo Dokta hakuniambia, nimeliona mwenyewe baada ya kuandika kurasa nne zinazosomeka kama hotuba ya mgomo.

Novemba, wiki ya tatu

Hii niiandike taratibu.

Jumanne wanafunzi walitoka kufagia uwanja. Nikaona daftari la Biolojia limeachwa wazi juu ya dawati. Notsi zangu zote zimo, kwa peni ya bluu, hati safi, hadi kosa langu la herufi limenakiliwa lilivyo. Ila juu ya maneno ya Kiingereza kuna mwandiko mwingine, mdogo, wa penseli. Juu ya "cytoplasm" ameandika *uji*. Juu ya "vacuole", *tanki la maji*. "Nucleus" ni *kiini*, hilo ametoka nalo shule ya msingi. Na juu ya "cell wall": *ukuta wa selo*.

Selo, si seli! Mtoto wa watu amekaa muhula mzima akijua kila mmea umejaa mahabusu. Na tukiacha utani, hajakosea sana. Kuta anazo, chumba anacho, na picha hiyo haitamtoka. Mimi nilifundisha mada hiyo wiki tatu na sikuwahi kujua kwamba chini ya kipindi changu kuna kipindi kingine kinaendelea.

Mwenyewe akarudi, fagio mkononi. "Shikamoo madam." Aliponiona na daftari uso ukambadilika. Shuleni kwetu Kiswahili darasani kina adhabu, ndiyo maana anatumia penseli: inafutika.

Novemba, wiki ya tatu, Jumamosi

Nimempelekea Dokta sentensi moja: wanafunzi wa Kidato cha Kwanza huandika nini kwa Kiswahili juu ya notsi za Biolojia, na maneno hayo yanawasaidia au yanawapoteza wapi? Kalamu ya kijani haikutoka kwenye pochi. Alisema tu nikasome kuhusu kuchanganya lugha katika kujifunza, jambo ambalo Cen Williams wa Wales alilipa jina mwaka 1994 kwa Kiwelisi, *trawsieithu*. Nimefurahi kwamba limetoka kwa watu ambao nao lugha yao ilipigwa marufuku shuleni.

Novemba, wiki ya nne

Kosa. Nilitaka kuonja tu kama jambo hili liko kwa wengi (data yenyewe itasubiri kibali, na idhini ya wazazi, maana hawa ni watoto wa miaka 14). Nikatangaza kwamba Alhamisi nakusanya madaftari.

Yakaja 46. Nikayafunua moja baada ya jingine kwenye meza ya ofisi ya walimu. Peni ya bluu, kurasa nyeupe. Kwenye mkunjo wa katikati, karibu kila daftari, vumbi la ufutio. La yule wa selo limefutwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka, na ukuta wenyewe bado unasomeka nusu ukilielekeza kwenye taa.

Sura ya tatu niliyoipanga, ya uchambuzi wa nyaraka, imekufa kabla ya kuzaliwa.

Nilimwita pembeni, nikamwambia sina adhabu, nataka kujifunza anavyosoma. Alikaa kimya muda, akiviringisha ncha ya sketi.

"Madam, za penseli ukikusanya huzipati. Njoo wakati wa prepo, tunapojisomea wenyewe, ukae nyuma. Na usivae yale makoti ya maabara."

Jioni hii ninaandika upya sura ya tatu. Ushuhudiaji, mahojiano mafupi, na kabla ya yote mazungumzo na mkuu wa shule kuhusu ile adhabu, mazungumzo ambayo nimeyaahirisha mara mbili tayari. Koti nimeliacha kwenye msumari.