Boriti ndizo zilizonipimia chumba

Mikindani, Jumapili usiku

Umeme umerudi sasa hivi baada ya giza la saa tatu, nami nimelala chali natazama dari. Boriti 23 za mkoko. Nimezihesabu mara nyingi tangu nihamie hapa mwezi wa tano, maana ndizo zilizoamua nitakavyoishi.

Nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya mawe ya zamani. Upana futi 8 na nusu, urefu futi 22. Wajenzi wa kale walifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kama ushoroba. Kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya watoto na nembo za wafanyabiashara wa Mtwara mjini, kilomita kama 10 kutoka hapa. Kule mjini chumba chenye baraza kisingeniachia hata hela ya rangi. Hapa nalipa sh 60,000 kwa mwezi.

Nilianza kwa kutaka ukuta. Kazi huku, kitanda kule, mlango katikati. Nilikuwa na sh 350,000 za matengenezo yote, na seremala akanipigia hesabu: ukuta wa plaiwudi peke yake ungemeza zaidi ya nusu. Nikaahirisha. Mwezi ule wa kwanza wateja waliingia mpaka ndani, na mzee mmoja wa heshima zake, kwa kukosa pa kukaa, akaketi kitandani kwangu akapokea simu ndefu ya bei ya korosho. Nilisimama mlangoni kama mgeni ndiye mimi.

Bi Mkubwa mwenye nyumba anakaa juu, na hakuna kinachompita. Nilipompelekea kodi nikamwamkia.

“Marahaba. Hivi mwanangu, lile baraza unadhani lilijengewa paka?”

Niliona haya. Nyumba ilikuwa imeshagawanywa kabla sijazaliwa: mtu wa biashara anakomea barazani, wa karibu zaidi anavuka kizingiti, na kule mwisho ni kwa mwenyewe. Nikanunua mkeka na kibao cha kuegeshea michoro, mteja anaonyeshwa kazi hapo hapo nje akipigwa upepo wa bahari. Ndani, meza iko karibu na mlango kwenye mwanga, kiti kimekipa kitanda mgongo, kisha pazia la kanga mbili zilizoungwa. Basi.

Meza yenyewe ni mlango wa zamani nilioupata kwa sh 40,000, nimeulaza juu ya masanduku mawili. Tundu la komeo ndimo unamopita waya wa kompyuta. Nalipenda tundu lile kuliko kitu chochote humu ndani.

Kuta ndizo zilizonitoa jasho. Nilipiga msumari wa inchi nne ili nitundike rafu, chokaa ikaporomoka pamoja na kipande cha tumbawe kama ngumi. Fundi akashauri tupige lipu ya saruji. Bi Mkubwa akanishika mkono hadi chini ya ngazi, mahali ambapo mpangaji wa zamani alifanya hivyo hivyo: saruji imefungia unyevu ndani, chumvi imetoka nje nyeupe, lipu inabanduka vipande vipande. Sikubishana tena. Sasa kila kitu kinaning'inia kwenye boriti kwa kamba ya katani: rafu, taa, na uzi wa kukaushia michoro, ambayo hukaa imebanwa kwa vibanio vya nguo kama pweza walioanikwa.

Bado kuna yanayonishinda. Jiko ni la mkaa, liko uani, na siku ya samaki hata karatasi zinanukia. Halafu haupiti mwezi mvua zitaanza, na karatasi ya rangi za maji ikinyonya unyevu inajikunja kama jani. Nimezihamishia zote kwenye sanduku la bati. Tutaonana mwezi wa pili.

Kaskazi nayo imeanza kuvuma, inaliinua pazia, na kila linapoinuka naiona meza na kazi isiyokwisha. Jioni nimeshonea vikokoto kwenye pindo. Limetulia. Mteja wa nembo anakuja saa nne asubuhi, baraza nimeshalifagia.