Mpelelezi yule yule, sauti ngeni

Leo kitabu kipya cha mfululizo wetu wa upelelezi kimetoka kwa sauti.

Msikilizeni mpelelezi anapotaja jina la marehemu. Vitabu vyote vya nyuma alilishusha, karibu alimeze. Leo analipandisha mwishoni, kama anauliza. Inauma jamani!

Hutokea msimulizi asipotunza sampuli za sauti za wahusika. Kila mhusika anahitaji klipu fupi, sekunde 20 zinatosha, msimulizi aisikilize kabla ya kurekodi. Maneno 90,000 ni takribani saa 10 za sauti, kazi ya siku kadhaa, na koo la asubuhi si koo la jioni (maji ya uvuguvugu husaidia, ila hayarudishi lafudhi iliyosahaulika).

Mliokwisha kuanza, ni mhusika gani mwingine kawapotea?